Udongo Wangu na Mgeni wa Karen

Jumatatu, 8 Mei 2006
Vigae vimetoka tanurini. Viwili vimepasuka, vingine salama. Tangu nianze PhD nilikuwa natafuta hiki tu: kigae cha jiko kisichopasuka kwa moto. Sasa PhD imeisha, na mkataba wangu hapa maabara unaisha Juni.
Mchana, barua pepe. Mtafiti wa ng'ambo anatafuta mtu wa postdoc, utafiti wa baada ya PhD, kazi ya kauri, miaka miwili. Alipata wapi anwani yangu? Hasemi.

Jumatano, 10 Mei
Nilimuuliza Barasa, tunayetumia naye meza moja, yeye kwenye utafiti wake wa matofali, kama amepata barua pepe hiyo pia. Akakana. Haraka mno. Sikumwamini.
Kamau, mume wangu, anasema kwangu kila mtu ni mwizi. Labda. Lakini mume angepaswa kuwa upande wangu.

Jumatatu, 15 Mei
Mgeni, yule mtafiti wa barua pepe, kapiga simu. Yuko Nairobi. Mcheshi. Hakuuliza ninataka kutafiti nini. Aliuliza nachanganya udongo na nini, nauchoma kwa joto gani. Nikajifanya simu inakatika.

Jumamosi, 20 Mei
Tumeonana mtaa wa Karen, mkahawa wenye bustani. Nilibeba kigae kimoja mkobani. Alikigonga kwa ukucha, akatega sikio. Kazi anaijua, hilo siwezi kumnyima. Ndiyo maana niliogopa zaidi.
Akauliza joto tena. Nikamwambia kwa Kiingereza, polepole, kwamba nitamwambia nikishaingia maabara yake, mkataba umesainiwa.
Akacheka. Akasema Barasa hakuwa mgumu hivi.
Nikarudisha kigae mkobani. Nimefika nyumbani Kabiria bado nawaza. Barasa ananiona nikipima udongo kila siku. Amempa siri ya kazi yake tu, au na yangu?

Jumatatu, 22 Mei
Nimefungia vigae vyote kabatini. Udongo pia. Kufuli mpya. Barasa alinitazama nikifunga. Namchukia.
Kamau anasema nimetupa nafasi ya ng'ambo kwa kiburi. Hatuongei.

Ijumaa, 16 Juni
Jibu kuhusu kazi ya ng'ambo limekuja. Nafasi imefutwa. Mistari miwili, hata jina langu wamekosea.
Nilikuwa napakia vitu vyangu maabara, Barasa akaja. Amepata jibu lile lile. Alimpa mgeni kila kitu kuhusu matofali yake, miaka yote ile, na sasa simu haishikwi. Alinificha kwa sababu aliitaka nafasi, akasema.
"Aliniuliza na kuhusu kazi yako," akasema. "Nikamwambia hiyo si yangu kupeana."
Sikujua niweke macho wapi.
Nikamwomba twende kantini. Mvua ilikuwa inanyesha, hakuna aliyekuwa na haraka. Tulikunywa chai. Akaniambia binti yake ameanza kutembea, anaangusha kila kitu nyumbani. Tukakaa mpaka wahudumu wakaanza kupandisha viti juu ya meza.