Gari Iliyozimwa Mbele ya Bendera

Mujukuu wangu Asende, huku Mboko tuko wazima, baba yako anavuna mihogo. Unaniuliza kama unaweza kuchelewa kutengeneza gari yako yenye kuzimika-zimika, kwa sababu mafundi wanakumaliza pesa.

Babu yako alichelewa. Kamyo yake ya mizigo ilikuwa inavuta hewa kwenye mupira wa mazutu, mafuta ya gari. Ukiizima, haiwaki tena. Basi hakuizima. Siku moja alitupakia bamama wa soko juu ya mizigo, tukafika Fizi bendera inashushwa, na wakati ule kila mutu alipaswa kusimama kimya.

Askari akasema, "Zima!" Akazima. Bendera ikashuka.

"Washa, utoke!" Ikakataa.

"Unagoma mbele ya bendera?" Akamuelekezea bunduki.

Sisi bamama tuliruka chini bila kuitwa, tukasukuma mpaka ikawaka.

Hata leo motere ya gari ikizimika karibu yangu, mikono inatafuta cha kusukuma.

Koko, bibi yako