Kota au Katandala

Jumatatu, 2 Februari 1981

Nimefika Sumbawanga juu ya lori la mahindi, tope mpaka magotini. Mbonile yuko wodini tangu juzi, tumbo limekaza kama ngoma. Mume wangu huyu! Aliponiona na viatu mkononi alicheka, kisha akajishika tumbo. Daktari anasema wanamwangalia kwanza, pengine watampasua.

Nilale wapi? Albina, niliyewahi kufundisha naye, anataka nikae kwake Katandala — nyumba kubwa, chakula kipo. Lakini mbali. Nimechagua kota kwa shemeji Sadoki. Hana mke, hana sufuria ya maana, ila kota yake imepakana na ua wa hospitali. Uji utafika wa moto. Likitokea jambo, mlinzi atakuja kugonga tu. Nimejipongeza kwa akili zangu.

Jumanne, 3 Februari 1981

Akili gani! Sadoki karudi kutoka kazini uso chini. Baba yao kapanda basi Tukuyu, kesho yuko hapa. Atafikia hapa hapa kota — mzee aende wapi na mwanawe yupo?

Basi nitoke mimi. Kwetu Wanyakyusa mke wa mwana haonani na baba mkwe. Hamwangalii, hamtaji jina, halali naye chini ya paa moja. Tangu niolewe namjua kwa kikohozi chake tu.

Sadoki kasema kuna gesti Majengo. Gesti yenye baa, na mimi mwanamke peke yangu! Katandala, basi. Nimefunga mzigo nikiwa na hasira, sijui namkasirikia nani.

Jumatano, 4 Februari 1981

Albina haelewi. "Mama Suma, si mzee wa kanisa huyo? Mungu gani kakataza?" Nikamwambia Mungu hakukataza, ni sisi. Akacheka, akanipakulia ugali wa ulezi. Nampenda Albina, lakini leo nilitaka kumrushia mwiko.

Nimebeba uji chini ya khanga. Mvua, utelezi. Mlangoni pa wodi nikasikia kikohozi. Nikarudi nyuma ya jiko la hospitali, nikasubiri atoke. Akakaa. Akakaa! Kengele ya kutoa wageni ikalia. Nesi Dominika kaupokea uji umeshaganda. Mbonile sikumwona.

Alhamisi, 5 Februari 1981

Mvua. Kikohozi. Vilevile. Sadoki kapelekwa Kasanga kikazi, sina wa kunisemea. Kumchukia mzee siwezi, kafunga safari yote hiyo kwa ajili ya mwanawe. Nalia tu.

Ijumaa, 6 Februari 1981

Naandika kwenye benchi nje ya wodi, mikono ipate la kufanya.

Dominika kanifokea. Alfajiri Mbonile alizidiwa, akaniita. Mlinzi kagonga kota mpaka majirani wakatoka — kufuli! Kumbe jana nilipokwisha ondoka mzee aliambiwa kwamba natembea na uji kutoka Katandala. Akaona haya. Akahamia Chanji kwa waumini wenzake ili mimi nirudi kota. Nani aniambie? Yeye hawezi, Sadoki hayupo. Tumeachiana nyumba kwa heshima, na mume wangu kaita bila wa kumwitikia.

Sasa wanampeleka kupasuliwa. Mzee yuko ndani. Wodi ina mlango mmoja. Akitoka atanipita hapa, nikiingia namkuta.

Dominika katoa kichwa. "Mwalimu, ingia! Anakuuliza." Nikamwomba amwambie mzee atoke kwanza, nami nijifiche kule jikoni. Kaenda, karudi. Mzee hawezi kutoka, Mbonile kamshika mkono hamwachii. Lakini kasema mama wa mjukuu wake aingie, yeye atageukia ukutani na kufumba macho.

Mzee yule ageukie ukuta kwa ajili yangu! Naona aibu mpaka masikio yanawaka. Nimejifunika khanga kichwa kizima. Nimesimama. Nimekaa tena.

Kitanda cha magurudumu kinakuja, nakisikia kwenye sementi. Ndani kikohozi kimenyamaza. Mbonile anauliza, kaja? Nafunga daftari, nainuka.