Bunduki Mlangoni, Jambia Kiunoni

Da Zuwena wangu,

Nakubusu mkono toka Matrah, huku Omani, ambako joto linaunguza mpaka nyayo.

Nnauza vitambaa dukani kwa ami. Sharti lake ni moja: mteja mwenye bunduki ataiacha kwangu mlangoni, na sisi wauzaji hatuji na silaha zetu. Jana kaja mzee wa milimani kununua nguo za harusi ya bintiye. Nikapokea bunduki, nikamwambia atoe na jambia, kisu chake cha kiunoni. Duka zima likageuka kunitazama. Ami akaja mbio: "We! Jambia ni vazi. Umemwambia mtu mzima avue nguo!"

Nikaomba radhi. Mzee hakukasirika, alikuwa akitazama mikono yangu inavyotetemeka na bunduki yake.

"Wewe wa Zanjibar?"

"Naam."

Akaichukua, akatoa risasi zote, akanirejeshea. "Haina kitu tena. Ishike."

Wale waliotuvunjia mlango Unguja na bunduki zao, siku za mapinduzi, waliona tunaogopa, wakacheka. Huyu kaona, katoa risasi.

Nibusie watoto. Na mlango ukigongwa hapo Mombasa, da, usijifiche tena uvunguni. Huenda ni mtu wa posta tu.

Nduguyo,
Seif