Weldi Iliyoanzia Kushoto

Ndugu yangu Oketcho,

Kile kipande cha weldi kilichopasuka siku ya mtihani kilikuwa changu. Chako ni kile kilichokataa kupasuka, na mimi ndiye nilibadilisha namba. Nimeanza na hiyo kwa sababu najijua. Nikianza na salamu nitazunguka na salamu mpaka karatasi iishe, na nitakuwa nimekudanganya tena ukiwa kaburini.

Wewe ulijua. Na mimi nilijua kwamba umejua. Miaka mitatu hii, hiyo ndiyo inanila.

Unakumbuka vile tulianza pale chuoni? Mimi wa Lunyo, wewe wa Iyolwa, wote tumezoea weldi ya vijiti vya chuma vinavyoyeyuka, ya mageti na wilbaro kando ya barabara. Darasa zima watoto. Wakatuita mababu, na sisi tukaanza kuitana Jadwong, kama wazee wa kwenu, ile dharau tukaifanya cheo. Macho yalikuwa yameanza kuchoka na miwani ilikuwa moja tu, yako. Wewe unachomelea, mimi nangoja. Ukimaliza unaifuta na shati, unanipa. "Shika macho, Jadwong."

Hiyo mashine ya gesi tuliyokuja kujifunza, ulinifundisha wewe kuliko mwalimu. Waya inatoka yenyewe kwenye tochi, ule mpini wa kuchomelea, na mimi nakodolea macho. Ukaniambia niache kushangaa cheche, nisikilize. "Ikilia kama samaki mbuta kwenye mafuta, iko sawa. Ikikohoa, simama." Na kila asubuhi: "Gesi haipendi upepo." Kwa sababu gesi ndiyo inafunika chuma kikiwa bado maji, na upepo ukiipeleka, weldi inajaa vitundu kama mkate.

Halafu ule mkono wako wa kushoto. Mwalimu hakuupenda hata siku moja. "Huo mkono hata ugali hatuushikishi, wewe unaupa tochi?" Ukamjibu, "Mwalimu, moto hausalimiani na mtu." Darasa lilicheka mpaka yeye mwenyewe akageuka ukutani kuficha kicheko.

Siku ya mtihani ulimaliza kabla yangu. Ukanipa miwani, ukatoka nje kunywa maji. Joto lilikuwa limenishika shingo. Nikavuta pazia la turubai linalozuia upepo, kidogo tu, nipate hewa. Nilikusikia kichwani kabisa ukisema upepo, upepo. Nikasema kidogo tu. Mashine ikaanza kukohoa. Sikusimama. Nilipoinua maski niliona vitundu vimejipanga, na ni miwani yako iliyonionyesha.

Vipande vyetu vilikaa pamoja mezani, kila kimoja bamba moja limelala, lingine limesimama juu yake, weldi upande mmoja. Namba zetu za mtihani zimeandikwa kwa chaki. Mwalimu alikuwa ameenda chai. Nilitemea kidole mate, nikafuta, nikaandika. Namba yangu kwa kazi yako, namba yako kwa kazi yangu. Kufunga kamba ya kiatu kunachukua muda zaidi.

Nyundo ya kupimia ilipokuja, chako kilipinda mpaka bamba likalala, weldi ikashika. Changu kilifunguka pigo la pili, na vitundu vikaonekana. Mwalimu akakuangalia wewe: "Si nilisema huo mkono?"

Ulienda ukachukua kile chenye namba yangu, ukakigeuza. Sisi wengine wote tulianzia kulia kwenda kushoto, na pale mtu anamalizia kunabaki kishimo kidogo. Kishimo kile kilikuwa kulia. Ukasogea, ukasema polepole, mimi tu nisikie: "Jadwong, mkono wako uligeuka lini?" Ukaniomba miwani yako. Ukaenda.

Kwa nini hukunisema? Wiki moja kabla nilikuwa nimekuambia mashemeji zangu wanangoja nishindwe wanicheke. Labda ni hiyo. Sijui ulinihurumia au ulinidharau. Ningependa iwe dharau. Huruma siwezi kuibeba.

Mimi nikapata kazi ya kuchomelea trela huku Tororo. Wewe ukarudi kwa vijiti pale Busia, na tukikutana unaniuliza, "Bado inalia mbuta?" Unacheka. Ulipolazwa nilikuja na machungwa, nikayamenya yote, moja moja, ili mdomo uwe na sababu ya kunyamaza. Na siku ya kukuzika, kaka yako Opendi alisimama akasema ulikuwa mtu mwema, ila chuo kilikushinda. Mimi nilikuwa nimeshika sepetu. Nikaitikia na kichwa. Oketcho, niliitikia.

Sasa sikiliza kilichoniandikisha hii barua. Binti yako Athieno amemaliza shule, anataka chuo kile kile, mashine ile ile. Ni wa kushoto kama wewe. Opendi amekataa. Anasema, "Mkono huo ulimwaibisha baba, na binti anataka kuurithi?" Jumapili hii ukoo unakaa kuamua, na Jumatatu chuo kinafunga majina. Mama Athieno alinikuta sokoni, akanishika mkono. "Baba Nabwire, wewe ulisoma naye. Njoo uwaambie kama wa kushoto anaweza."

Mimi. Nije niwaambie.

Kipande chako ninacho. Walinipa pamoja na cheti. Kimekaa nyumbani kwangu kuzuia mlango usipigwe na upepo, mke wangu anajikwaa kila siku na kukitukana. Jana nilikitoa, nikakisugua kutu na brashi ya waya. Kishimo bado kiko kulia.

Kwa hiyo Jumapili, watu wakitoka kanisani, nitakuwa Iyolwa. Nitakiweka kwenye mkono wa kushoto wa Athieno, Opendi akiona, na nitasema kwa sauti ni kazi ya nani na nani aliiba. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa naye chuoni. Mwalimu nitampa kipande hicho na cheti changu, aandike jina linalostahili. Wakinifukuza kwa trela, vijiti bado navijua.

Sikuombi unisamehe leo. Ngoja mpaka Jumatatu jioni.

Lala salama, Jadwong. Nikifika nitapita kaburini kwako kwanza, kabla ya kuingia uani, nikuonyeshe. Chaki ilishafutika zamani, kwa hiyo nimeandika jina lako juu ya bamba kwa weldi. Herufi zinatoka kushoto kwenda kulia, kama ulivyokuwa unachomelea wewe.

Wako,
Wandera