Jina Nililoliita Mlangoni

Jumanne. Upepo umeshinda ukipeperusha vumbi mpaka chai yangu ina mchanga.

Kama kuna mtu mwenye bahati Tunduma nzima, ni mimi. Nimefika Ndola, Lusaka, hadi Lubumbashi nikiwa utingo wa malori, nikarudi na meno yangu yote. Darasa la saba nilimaliza kwa huruma ya mwalimu, na bado nikaajiriwa. Sasa kura za udiwani zinanifuata zenyewe. Wenzangu wanahangaika kugawa fulana, mimi nikipita sokoni naitwa mheshimiwa. Mama lishe ananiongezea nyama, wazee wananipisha kiti.

Nilizaliwa nipendwe.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni mhudumu wa mahakama ya mwanzo. Nafungua mlango, nabeba majalada, naita wenye kesi. Jina naliita mara tatu pale mlangoni. Mdai asipoitika, hakimu anafuta dai lake, arudi nyumbani akaanze upya.

Tulishaambiwa kazini kwamba anayetaka siasa aache kazi kwanza. Najua. Lakini nikiacha halafu nikakosa kura, nirudi kwenye malori? Mgongo hautaki, na watoto wanakula kama askari. Nikaona nitangaze nia chini chini, mshahara uendelee. Nikajiona mjanja.

Jana jioni Mzee Simkoko alinikuta dukani nanunua sabuni. Huyu ni mjumbe wa chama, na kwenye kura za maoni akikohoa yeye, nusu ya wajumbe wanakohoa. Pia ana kesi kwetu. Mama Tusekile, mjane muuza mchele, anamdai mashine ya kusaga ya marehemu mumewe. Mzee anasema aliuziwa. Mama anasema iliazimwa.

Mzee alianza mbali. Alisifia viatu vyangu, akauliza habari za nyumbani, akanishika bega.

“Mdogo wangu, sikuombi useme uongo. Kesho wewe subiri malori yapige honi, ndiyo uite. Asiposikia, kosa ni la honi. Wajumbe niachie mimi.”

Nilicheka. Mimi kila kitu nacheka. Ila sikumwambia hapana.

Leo asubuhi foleni ya malori ya kwenda Zambia ilikuwa imefika hadi mbele ya geti letu. Mama Tusekile alikaa mbali kidogo, kwenye kivuli cha kibanda cha chapati, kapu lake miguuni. Mzee alikuwa ndani tayari, amekunja nne.

Hakimu akaniambia niite.

Nikasimama mlangoni. Honi ikalia. Nikaita.

Sauti ilitoka ndogo, kama ya mtu anayeongea na mkewe wakati wa mahubiri. Mama alikuwa anafunga kilemba chake. Nikaita tena, na honi nyingine ikanifunika. Nyuma yangu nilisikia hakimu anafungua jalada. Jasho lilinitoka na upepo wote ule.

Mara ya tatu sikuita pale mlangoni. Miguu ilinishusha ngazi, nikavuka ua mzima, nikamwita kama tulivyokuwa tunamwita dereva aliyesahau breki mlimani. Chapati ilimdondoka mtu. Mama akaja mbio, kapu begani.

Mzee aliponipita baada ya kesi kuahirishwa, alisema polepole, “Kumbe sauti unayo, diwani.” Lile neno diwani alilitamka kama anatema ganda.

Basi, nikajiona shujaa. Nikasimama kifua mbele nikingoja shukrani za mama. Akaja kweli, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

“Baba, wanawake wa sokoni nimeshawaambia, kura zetu ni zako. Na wewe mashine yangu usinisahau huko ndani.”

Nilitaka kumweleza kwamba nimemwita kwa sababu ni haki yake. Angeaminije? Mara mbili nilimwita kwa kura za mzee. Hata ile ya tatu, yeye anajua ameilipia.

Nimekaa na hii chai ya mchanga nikipitisha sura za watu wangu. Mama lishe: mwanawe ana kesi ya kupigana. Wazee wa kiti: shauri la mirathi. Kijana anayeniita mheshimiwa kwa sauti kuliko wote: ametajwa kwenye wizi wa betri za malori.

Kesho asubuhi, kabla sijaita jina la mtu yeyote, nitamweleza hakimu yote, na honi zile pia. Udiwani nauacha. Kama na kazi itaniacha, mgongo utajua wenyewe.

Na ile bahati niliyojisifia pale juu ni uongo. Hakuna kura iliyonifuata. Wana kesi.