Kidonge Nilichomlazimisha Mama

Dada, uko wapi? Nimejifungia kwenye choo cha hospitali.

Ni mimi niliyemuumiza mama.

Unakumbuka alivyokuwa akilalamika kwamba kidonge kipya cha presha kinamsokota tumbo? Nikamwambia, "Mama, acha visingizio, meza." Kila asubuhi nilisimama pale pale mpaka ameze. Miezi miwili.

Leo amepigwa picha ya CT ya tumbo. Daktari wa picha akanionyesha utumbo umevimba, kuta zake nene kama godoro lililolowa. Mimi nawaza saratani. Yeye akauliza, "Anatumia dawa gani ya presha?" Nikaitaja. Akatikisa kichwa.

"Kuna watu wachache dawa hiyo huwavimbisha utumbo. Tutaibadilisha, uvimbe utaisha. Kwani hakuwahi kulalamika?"

Eti hakuwahi kulalamika.

Aliyejibu ni mama, kitandani pale: "Sikumwambia, daktari. Mwanangu ana mambo mengi."

Amedanganya kwa ajili yangu, unaelewa? Kanisitiri mbele ya daktari.

Daktari alipotoka nikamwomba mama msamaha. Akasema, "Nisogezee huo mto." Nikamsogezea, akafumba macho, ndipo nikaja kulia huku.