Aliyevunja Vyungu Vyangu

Jumatano, 16 Juni 1993

Baridi na upepo. Nimefungua belo la makoti ya mitumba sokoni, yamekwenda upesi. Tangu biashara iachiwe huru, Sumbawanga nzima inauza kitu.

Mchana katekista akapita. Jumapili ni misa ya shukrani ya mavuno. Anataka nisimame niwaeleze watu maisha yangu kabla ya ubatizo, wajue Mungu amenitoa wapi. "Waeleze lile giza, Veronika." Analitamka vizuri, kama mtu ambaye hajawahi kulala humo.

Nimekubali. Nimerudi nyumbani na hasira.

Alhamisi, 17 Juni

Najaribu kupanga maneno. Hayapangiki.

Tulitoka Shinyanga na ng'ombe, tukahamia Ilemba, bondeni. Mume wangu akashikwa na homa, akafa. Shemeji yangu Masanja akaenda kwa mganga. Kuku akapasuliwa, matumbo yakasomwa, nikatajwa mimi. Mchawi. Mke wa Masanja, jina lake Kwangu, ndiye aliyetoa vyungu vyangu nje akavivunja, kimoja baada ya kingine, akipiga vigelegele.

Nikafukuzwa, nikapanda mlima kwa miguu kuja huku. Mama Klementina, Mfipa ambaye hakunijua, akanikuta nimeanguka pembeni mwa shamba lake la ulezi. Leo ndiye mama yangu wa ubatizo.

Hayo watu wanayajua. Baya zaidi sijamwambia mtu. Niliamini. Kuku hadanganyi, ndivyo nilivyolelewa. Njia nzima nilijiuliza nilimuua mume wangu kwa namna gani. Niliitazama mikono yangu, nikaiogopa.

Jumamosi, 19 Juni

Kwangu yuko hapa.

Amepanda na lori la mpunga kutoka Ilemba. Uso umevimba, meno ya mbele hayapo. Mke mdogo wa Masanja amefiwa na mtoto. Kuku mwingine kapasuliwa. Safari hii katajwa Kwangu.

Nilicheka. Nilicheka mbele yake, na sijutii. Nikamwacha amesimama uani, nikaendelea kukunja makoti. Nilitaka aondoke. Nilitaka atembee kama nilivyotembea.

Hakuomba msamaha. Akasema polepole, kwa Kisukuma, akiniita Minza, jina ambalo huku halijulikani: "Dada, yule mtoto nilimpenda. Au nilimla usingizini bila kujua?"

Nikaliweka chini koti nililokuwa nakunja.

Nikamwambia kwa ukali, kama ninayemtukana: "Mtoto amekufa kwa homa. Hukumla. Hakuna aliyemla."

Hakuniamini. Na mimi sikuamini nilipoambiwa. Mama Klementina alinirudia maneno hayo masika yote, tukipalilia, tukitwanga, mpaka yakaingia. Nilibatizwa kwa sababu hiyo. Mbingu sikuzifikiria.

Nimempa koti. Sikumchagulia zuri.

Jumapili, 20 Juni

Nimesimama. Neno giza sikulitaja.

Nimesema namshukuru Mungu kwa sababu zamani niliiogopa mikono yangu, na leo naosha nayo vyombo bila kufikiri. Nimesema niliitwa mchawi, na nikakubali ndani ya moyo wangu. Nimesema aliyevunja vyungu vyangu amelala kwangu, na sijamsamehe.

Katekista akainamia viatu vyake. Mama Klementina peke yake akaitika "Amina!" kwa sauti, kama anayegombana na mtu.

Baada ya misa wengine walinipita bila kunisalimu. Walitaka shukrani tamu. Yangu ni chungu, lakini ni shukrani.

Jumanne, 22 Juni

Upepo umetulia. Uvimbe umepungua, Kwangu anakunywa uji.

Asubuhi ameniuliza kama kanisani wanapokea watu kama yeye. Nimesema wanapokea. Akauliza kama nitakaa naye benchi moja. Bado nasikia vile vigelegele.

Nimekwenda sokoni. Ufunguo wa nyumba nimemwachia.